Haina Maneno

Mwezi wa tisa, joto limeketi juu ya bati la ofisi,
nikampelekea Bosi Kyungu tangazo la sabuni ya mche:
"Safi, bora, nafuu."
Alilisoma akiwa amesimama. Akavuta droo,
akatoa lile la rangi ya nyumba: safi, bora, nafuu.
La maji ya chupa: safi, bora, nafuu.
La shule ya chekechea ya masista —
hapo hata mimi niliinamisha kichwa.

"Banza," akasema, "kisima chako kinatoa matope.
Nenda likizo. Siku kumi. Kalamu uiache mezani,
simu uipitishe kwa sekretari."
Nilidhani nimefukuzwa kwa adabu.
Kutoka mjini hadi Ruashi nikajumlisha kodi ya nyumba
mara tatu, na mara tatu jumla ikanikatalia.

Siku ya kwanza mkono uliitafuta simu mfukoni
kama ulimi unavyotafuta pengo la jino.
Siku ya pili nikasoma kila kibao cha mtaa
na kukisahihisha kimoyomoyo:
"Kinyozi Amani" — amani ya nani, mteja au wembe?
"Makaa na Mayai" — mpangilio gani huu?
Shangazi Ngoie akaniangalia kutoka kizingitini:
"We umekuja kupumzika, ao kukagua Ruashi?"

Siku ya tatu nililala.
Ya nne sina cha kusimulia,
na hicho ndicho ninachotaka kusimulia:
niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikatazama sisimizi wakikokota bawa la nzige
pana kuliko mlango wao.
Sijui kama waliliingiza. Nilisinzia kabla.

Baada ya hapo hesabu ya siku ikanipotea.
Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika,
na mimi sikuhesabu.
Nilichambua maharagwe, mabovu huku, mazima kule,
kichwa kikizurura peke yake
kama mbuzi aliyekata kamba
lakini hana haraka ya kwenda mbali.

Ikawa asubuhi ya kufua.
Ovaroli la Kapya limetoka mgodini
na udongo mwekundu hadi ndani ya mifuko;
shangazi amelikunja juu ya jiwe, analisugua
kana kwamba linamdai.
Mama Musonda akachungulia juu ya ukuta:
"Sabuni gani hiyo, mwenzangu?"
Shangazi hakuinua hata uso.
"Hii? Haina maneno."

Nikatazama mkononi mwake.
Mche wa kijani, ule ule, wetu.

Miaka sita nimeutafutia maneno!
Nimeuita malkia, nimeuita mkombozi wa mashati,
nimeufananisha na theluji, mimi, mtoto wa Katuba,
niliyeiona theluji kwenye kalenda ya benki.
Na muda wote huo sifa yake kuu
ilikuwa imekaa hapa uani, kati ya beseni na kuku:
haina maneno.

Ningependa kusema nilikimbilia kalamu.
La. Nilikuwa nimeshika upande wa pili wa shuka,
tunalikamua, yeye anasokota kulia, mimi kushoto,
na maji yalikuwa bado yanatoka.
Ukiachia hapo, shuka linaanguka vumbini.
Wazo likangoja. Kumbe mawazo yanaweza kungoja;
mimi ndiye nilikuwa nayafukuza
kwa kuyakimbilia.

Bosi Kyungu aliisoma akaketi.
Akaisoma tena. Hakusifu, si desturi yake,
ila alifunga droo.

Wiki iliyofuata redio ya jirani ikaipiga
mara nne kabla ya taarifa ya habari.
Shangazi akaacha kusonga bukari, mwiko hewani:
"Hayo si maneno yangu? Na wewe unalipwa?"
Nikampelekea katoni ya sabuni, nimeibeba kichwani
tangu kituo cha basi, shingo imekaza.
Akaifungua. Akahesabu miche, mmoja mmoja.
Akanitazama.

"Katoni moja tu?
Hapo sasa, mwanangu, kuna maneno."